Goti Lisilojua Kugeuka

Sauti yenyewe ilikuwa ndogo. Watu wakisimulia habari za kuumia husema walisikia mlio mkubwa, lakini goti langu lililia "ko!" tu, kama mtu aliyevunja kijiti cha kuwashia moto, na mama mmoja aliyekuwa akichimba kuliani kwangu akaniuliza kama nimekata mzizi. Nilikuwa nimeinua jembe, mguu wa kushoto umezama kwenye tope, nikageuka kutupa udongo pembeni. Mwili uligeuka, mguu ukabaki pale pale. Nilianguka chali pamoja na jembe langu, nikatukana. Tusi lenyewe sitaliandika hapa, maana wapo wanawake waliolisikia siku ile na mpaka leo wananichekea nalo tukikutana nje ya kanisa.

Kwa asiyejua mashamba yetu ya Umatengo, inabidi nieleze kidogo. Milima yetu imesimama wima. Ukilima matuta ya kawaida, mvua moja tu inayabeba yote mpaka mtoni, nawe unabaki na mawe. Kwa hiyo tunachimba ngolo. Wanaume wanafyeka majani, wanayaacha yakauke, kisha wanayapanga juu ya mteremko kwa miraba. Sisi wanawake tunaingia na majembe, tunachimba udongo wa katikati ya kila mraba na kuyafunika yale majani, na juu ya udongo ule tunapanda maharage. Katikati linabaki shimo, na maji ya mvua yanatulia humo. Kuchimba ni kazi ya mwanamke. Mwanamume akionekana anachimba ngolo, watu watauliza mkewe kafa lini.

Mteremko wangu nilikabidhiwa na mama mkwe muda mfupi baada ya kuolewa. Hakunikabidhi kwa maneno matamu. Alinipa jembe, akakaa juu ya jiwe, akaniangalia nikichimba tangu asubuhi mpaka jua linazama, na kila nilipokosea aliguna. Mlima ule alikuwa ameuchimba yeye tangu ujana wake, na mgongo wake uliopinda ulikuwa umepindia hapo. Ulikuwa na pande mbili: mwaka huu tunachimba upande mmoja, mwaka ujao mwingine. Humo yalitoka maharage ya nyumba nzima, na mahindi yaliyofuata. Kahawa ilikuwa ya baba watoto, maharage yalikuwa yangu. Nikitaka kumpa mtu debe, nampa, na hakuna aliyewahi kuniuliza.

Sasa hii ilikuwa miaka ile ya mwanzo wa soko huria. Zamani kahawa ilipelekwa chama cha ushirika, mkulima anasubiri malipo mpaka nywele zinaota mvi. Ghafla wakaanza kuja wanunuzi binafsi na pikapu zao na mizani zao, wanapanda mpaka uani kwako, wanakuamkia kwa adabu kama wachumba. Jamani, wanaume wetu walipagawa. Kila mmoja alitafuta pa kupanda kahawa zaidi, na pa kupanda palikuwa pamekwisha, isipokuwa kwenye ngolo za wanawake. Baba watoto naye alikuwa ameotesha miche yake chini kule kijitoni, mingi, ya kupendeza. Alikuwa ameniomba ule mteremko mara kadhaa, nami nilimwambia atanizika kwanza.

Ndipo goti likafanya lilivyofanya.

Jioni ile lilivimba mpaka likawa halina umbo la goti tena. Mama mkwe alinikanda kwa maji ya moto, na kesho yake akaitwa fundi wa mifupa kutoka upande wa Mpepai, mzee mwenye vidole vigumu kama mpini. Alisema mfupa umetoka mahali pake, akanishika kifundo cha mguu, akavuta. Mama wee! Nilimpiga teke kwa mguu mzima. Alivumilia, akasema mgonjwa wa namna hii hana adabu lakini atapona, akaondoka na kuku wake. Uvimbe ulipungua pole pole. Nilianza kutembea uani kwa kushika ukuta, nikafurahi, nikasema kumbe mzee anajua kazi. Siku niliyoteremka kwenda kijitoni kuchota maji, goti likateleza lenyewe kwa ndani, kama mlango uliotoka kwenye bawaba, nikajikuta chini na ndoo imefika mtoni kabla yangu.

Baba watoto alikuja kuninyanyua. Sitaki msomaji amwone mtu mbaya, hakuwa mbaya. Alisema kwa upole, na upole wake ndio uliniuma, "Mama watoto, usipoweza kuchimba, mlima utakuwa pori. Kuliko pori, si heri kahawa?"

Nilimwambia pori liko kichwani kwake. Tulifikishana kwa baba mkwe, na mzee akaamua hivi: mwaka ujao, wakati wa kuchimba upande wa pili, nikisimama na jembe langu pamoja na wanawake wenzangu, mteremko unabaki wangu. Nisiposimama, miche inapanda mlimani. Nikasema sawa. Moyoni niliogopa sana.

Dada yangu aliolewa ziwani, upande wa Kihagara. Nikapelekwa kwake kwa lori lililokuwa likishuka kufuata dagaa, ili nionwe katika hospitali ya misheni ya kule. Daktari alikuwa mtu wa makamo, msema kidogo. Alinilaza, akakunja goti langu, akakalia mguu wangu kwenye vidole, ndiyo, alikalia hasa, akaushika muundi kwa mikono miwili na kuuvuta mbele. Ukaja. Nami niliuona ukija, mfupa wa chini ukitoka mbele kama droo. Kisha akafanya vivyo hivyo kwa mguu mzima, haukuja. Hapo hata mimi nikaelewa kabla hajafungua mdomo.

"Mifupa yako mizima," alisema. "Ndani ya goti kuna kano mbili zilizopishana msalaba. Ndizo zinazofunga mfupa wa juu na wa chini isiteleze. Ya mbele imekatika."

"Itaunga lini?"

"Hiyo haiungi yenyewe. Na upasuaji wake hapa kwetu haufanyiki."

Nilianza kulia. Aliniacha nilie, akaandika mambo yake, halafu akasema kwamba wako watu wanaishi bila kano ile na wanafanya kazi, ila lazima nyama za paja zifundishwe kushika mahali pake, za mbele na za nyuma pia. Akanionyesha mazoezi. Mwisho akasimama mbele yangu, akakanyaga mguu mmoja kwa nguvu, akageuza kiwiliwili huku mguu umetulia sakafuni. "Kukunja si shida," alisema. "Kunyoosha si shida. Kwenda mbele moja kwa moja si shida. Hiki ndicho kitakachokuangusha. Geuza mguu kwanza, mwili ufuate."

Nilimuuliza kama amewahi kuona mtu akichimba ngolo. Akasema hajawahi. Nikamwonyesha pale pale, na mkongojo wangu nikiufanya jembe: unakanyaga, unachimba, unageuka, unatupa, unakanyaga, unachimba, unageuka, unatupa. Aliangalia mpaka nikamaliza. Kisha akavua miwani, akasema, "Pole sana mama." Sijawahi kuichukia pole ya mtu kama ile.

Nilikaa ziwani kipindi kirefu. Asubuhi nilikaa mkekani, kanga imekunjwa chini ya goti, nakandamiza kanga mpaka paja linatetemeka. Nilifunga kifuko cha mchanga kwenye kifundo cha mguu na kuinua, kushusha, kuinua. Paja langu la kushoto lilikuwa limesinyaa, nikiliweka karibu na la kulia naona aibu kama vile nimeazima mguu wa binti mdogo. Baadaye niliingia majini mpaka kiunoni nikawa natembea humo, naenda na kurudi, wanawake wanaoosha vyombo wakinicheka kwa Kinyasa wakidhani sielewi. Ugali wa muhogo niliuzoea kwa shida. Dada alikuwa na mdomo kama wangu. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," alinitania, akanipa kazi ya kugeuza dagaa kwenye uchanja, nikasimama juani naugulia huku nikinuka samaki. Lakini usiku tukila alinikatia sehemu yenye mafuta ya samaki mbasa, na mara moja nilimsikia akimwambia mumewe, "Wakimnyang'anya ule mlima, huyu atakufa kwa hasira." Alinijua.

Mchangani pale nilipona. Nilitupa mkongojo. Nilitembea ufuko mzima bila kuyumba, nikabeba ndoo kichwani. Niliporudi nyumbani kahawa ilikuwa inachumwa, na jambo la kwanza nililofanya kufika uani lilikuwa lile ambalo kila mke wa kwetu hulifanya: nilipiga magoti mbele ya baba mkwe, nikasema, "Shikamoo baba."

Mzee aliitikia, lakini sauti iliyojaa uani ilikuwa ya mama mkwe. Alipiga kigelegele mpaka majirani wakatoka. "Amepiga magoti! Mmeona? Amepona!"

Inabidi mtu awe wa kwetu kuelewa furaha ile. Miezi yote niliyougua nilikuwa nimewaamkia wakwe nikiwa nimesimama kama askari, nimempelekea mzee chakula nikiwa nimesimama, na kanisani nilibaki nimekaa wakati wenzangu wote wako chini. Watu walinivumilia, ila ilionekana. Goti kwetu lilikuwa na kazi moja inayoonekana na wote, nayo ni hiyo. Basi goti linalopiga magoti ni goti zima. Jumapili ile nilipopiga magoti wakati wa Misa, niliona watu wakigeuka kuniangalia, na baada ya Misa mkono wangu ulichoka kwa kusalimiwa. Hata baba watoto alisema, "Haya, mama, umenishinda," akaacha kuitazama ile miche yake mbele yangu.

Nami niliwaambia. Hili nalisema wazi, niliwaambia kila mtu. Nilimwambia mama mkwe tukiwa tunapepeta maharage: "Mama, kupiga magoti siyo shida. Linakunja vizuri. Daktari alisema shida ni kugeuka." Akanitazama kwa huruma kama mtu anayemsikiliza mtoto. "Mwanangu, goti linakunja na kunyooka. Hilo la kugeuka ni kiuno." Wote waliokuwapo wakacheka, mimi pia nikacheka, maana alilisema vizuri. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Kwa hiyo nilijifundisha mwenyewe. Nilikwenda kwenye kipande kidogo nyuma ya jiko, chenye mwinamo kidogo, nikachimba ngolo kwa namna yangu. Nachimba. Nasimama. Nauchomoa mguu kwenye udongo, naugeuza, naukanyaga upya. Ndipo nageuka na kutupa. Ilikuwa polepole ya kukasirisha. Wakati ambao jirani angemaliza safu nzima, mimi nilikuwa na mashimo mawili matatu. Lakini goti halikuteleza, na paja lilishika. Nikaanza kuamini kwamba inawezekana, nikipewa nafasi, nikiachwa peke yangu na mlima wangu.

Ila ngolo kwetu haichimbwi peke yako. Leo tunachimba kwako, kesho kwangu, tunapiga safu moja mteremkoni, na pombe inasubiri jioni. Ni fahari. Mama mkwe aliwaalika wanawake wengi kuliko kawaida, akapika pombe mwenyewe, maana alitaka kijiji kishuhudie kwamba mlima wake una mtu. Nilimwomba niwe pembeni kabisa mwa safu, nichimbe taratibu. Akasema mwenye shamba hukaa katikati.

Asubuhi ile mvua ilikuwa imenyesha. Wanaume walikuwa juu wanamalizia kupanga majani, baba watoto akiwa miongoni mwao. Tulianza. Wanawake waliimba, majembe yakapanda na kushuka pamoja, nami katikati yao nachimba, nasimama, nauchomoa mguu, naugeuza. Walinipita. Safu ikapinda kama upinde, mimi nimebaki nyuma, na wale wa kuliani na kushotoni wanalazimika kunisubiri huku wakijifanya wanafuta jasho. Wimbo ukafifia. Hapo nikamsikia mama mkwe kutoka juu ya jiwe lake.

"Binti, unadonoadonoa kama kuku! Chimba! Si umepona?"

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anaogopa kama mimi, na labda zaidi yangu. Nilitazama juu nikaona wanaume wamesimama, wananiangalia. Nikasema moyoni, potelea mbali. Nikaingia kwenye mwendo wa wenzangu. Na wallahi, kwa muda mfupi nilikuwa mwanamke yule wa zamani: kanyaga, chimba, geuka, tupa. Nilifurahi kiasi kwamba nilianza kuimba. Niliwafikia wenzangu, wakashangilia, mmoja akapiga kigelegele.

Kisha mguu ukazama. Mwili ukageuka.

Safari hii halikulia ko. Kitu kilisagika humo ndani, na maumivu yake yalikuwa ya aina nyingine, ya kukata. Niliporomoka mashimo kadhaa chini na kusimamishwa na kisiki. Hakuna aliyecheka, na mimi sikutukana. Baba watoto alishuka mbio akiteleza, akanikumbatia kwa nyuma, akaniweka kichwa kifuani kwake. Alinuka majani makavu. Akasema, "Basi, mama watoto. Basi sasa." Kwa namna alivyolisema nilijua mlima umekwenda.

Nilipoweza kusimama, baba mkwe alituita. Alinipa nafasi ya kusema, nikasema nilichojua: kwamba goti langu linaweza kuchimba ngolo kwa njia yangu, bila safu, bila haraka, kwamba anipe misimu miwili nimwonyeshe. Mzee alisikiliza sana. Akauliza nikimaliza kuchimba mlima wote kwa njia hiyo, itakuwa mwezi gani? Wote tulijua kwamba maharage hayamsubiri mtu, mvua ikiisha imeisha. Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye kigoda, mikono imelala mapajani. Tulipotoka alinishika kiwiko kunisaidia kushuka ngazi za mlango. Tangu siku ile hakupita tena njia ya kule mlimani, alizungukia kwa jirani.

Miche ilipandwa msimu uliofuata. Ilishika vizuri, siwezi kusema uongo, udongo wa ngolo umeshiba. Mimi nilirudia mazoezi yangu tangu mwanzo, kanga chini ya goti, kifuko cha mchanga, safari hii bila ziwa na bila dada wa kunitania. Niliyafanya kwa hasira, na hasira ni dawa nzuri ya paja. Nikaanza kulijua goti lile kama mtu anavyomjua mume mlevi: linapenda nini, linakataa nini, na saa gani usilijaribu. Likawa linanitii. Watu waliponiuliza hali, nilijibu nimepona, na haikuwa uongo.

Mwaka ule maharage ya ghalani yalikwisha mapema. Nilikwenda sokoni mjini Mbinga, na mahali pa maharage nilimkuta mama yule aliyekuwa akichimba kuliani kwangu, gunia lake limefunguliwa mbele yake. Tulisalimiana. Akaniuliza nimemleta nani mjini, au nimekuja kuuza nini.

"Nataka maharage," nilisema.

Alicheka kwanza, akidhani namtania. Mmatengo, mwanamke mwenye afya, mke wa mtu, ananunua maharage! Halafu akauona mfuko mtupu mkononi mwangu, akaacha kucheka. Akapima. Akajaza kopo mpaka likafanya kichuguu, akamimina mfukoni, akachota konzi nyingine akaongeza, na nyingine tena.

"Inatosha," nilimwambia kwa ukali. "Sikuja kuomba."

"Najua, dada," alisema, bila kuinua macho. "Najua."

Nilimlipa. Nikajitwisha mfuko, nikashika njia ya kurudi nyumbani, mwendo mrefu wenye kupanda na kushuka, na watu niliokutana nao walinipongeza kwa jinsi ninavyotembea vizuri siku hizi. Ni kweli, goti halikuniuma hata kidogo.